Filamu za Kenya juu ya paa: maswali tunayoulizwa kila mwezi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mimi na jirani yangu wa nyumba namba saba tunafunga shuka jeupe kwenye nyaya za kuanikia nguo, juu ya paa la ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, tunawasha projekta ya kuazima na kuonyesha filamu moja ya Kenya. Tulianza tukiwa watu wanane, wanne kati yao watoto waliofuata njugu. Siku hizi viti vya plastiki havitoshi, na wengine hukalia mitungi ya maji. Maswali ni yale yale kila mwezi, na watu huyauliza wakati mbaya kabisa, mimi nikiteremka ngazi gizani nimekumbatia spika. Nimeyakusanya hapa niyajibu nikiwa nimekaa.

Mbona za Kenya tu? Filamu nzuri zimeisha duniani?

Hazijaisha, ila hizo nyingine hazihitaji paa letu. Kutoka stage mpaka kwetu unapita maduka matatu ya muvi. Katika kila moja utajaziwa flashi za Marekani, za Korea, za Nigeria, na zile za ngumi zenye sauti ya DJ Afro, yule msimuliaji wa mtaani, juu yake, hata kabla hujatafuta chenji. Muulize muuzaji ya Kenya, ataanza kukuna kichwa. Mmoja alinipa ya Uganda akasema, "Si ni hapo tu?"

Sijawahi kuona hata moja. Nianzie wapi?

Anza na Nairobi Half Life ya 2012. Ndilo jibu la kila mtu, najua, lakini safari hii kila mtu ana haki yake. Imeongozwa na David "Tosh" Gitonga, na anayeibeba mgongoni ni Joseph Wairimu, aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo. Anaigiza Mwas, kijana wa mashambani anayeuza DVD kwa kuwaigizia wateja sehemu tamu za filamu, milio ya bunduki na yote. Ndoto yake ni kuigiza Nairobi. Anapanda gari amebeba mali ya watu aliyoaminiwa na binamu yake, na kabla hajamaliza kushangaa maghorofa, ameshaporwa.

Hapo paa letu hupasuka. Tumeionyesha mara tatu, na mara zote tatu kicheko kimeanza sekunde chache kabla ya wizi wenyewe, kwa sababu kila aliyeketi pale anaona jinsi kijana alivyoushika mzigo wake na anajua huyo ameisha. Mara ya pili, mama mmoja anayeuza sukuma wiki pale chini alipiga kelele, "Wewe kijana, leta mkoba mbele!" Halafu akageukia watu akaanza kusimulia alivyoshuka Machakos Country Bus mwaka wa 1994 na sanduku la bati, na kijana mwenye adabu sana aliyejitolea kumbebea. Tulisimamisha filamu dakika kumi. Nadhani hata Gitonga mwenyewe angekubali.

Baadaye mambo yanakuwa mazito. Kuna seli, kuna choo cha seli ambacho hutakisahau, kuna genge linalong'oa vipuri vya magari, na katikati ya hayo yote Mwas anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani kama mtu mwenye maisha mawili. Matusi yapo na damu ipo, kwa hiyo watoto walale kwanza.

Hiyo ni Nairobi ya wezi. Hakuna Nairobi nyingine?

Ipo. Tafuta Soul Boy ya 2010, ya Hawa Essuman, hadithi ikiwa ya Billy Kahora. Ni ya saa moja hivi, na yote iko Kibera. Mvulana anayeitwa Abila anamkuta baba yake ameduwaa, hajiwezi, na anaambiwa kuwa roho yake imeibwa. Anamwendea Nyawawa, naye anampa majukumu saba ayatimize ili amrudishe baba. Kwa wasiojua, nyawawa ni pepo wanaopita usiku upande wa ziwa, na watu hutoka kupiga masufuria na mabati ili wapite mbali. Nilipoionyesha, mzee wa chumba cha chini, mtu wa Siaya, alinong'ona kuwa kwao usiku wa nyawawa hata mbwa huingizwa ndani. Kinachonifurahisha ni kwamba Kibera ile haikuwekwa ili tuihurumie. Mvulana ana kazi saba na muda mfupi, na vichochoro ni njia zake za kukimbilia.

Halafu ipo From a Whisper ya Wanuri Kahiu, iliyotoka 2008, juu ya bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa hapa jijini siku ile. Kila mkazi wa Nairobi wa umri wangu anaweza kukuambia alikuwa wapi asubuhi hiyo, ndiyo maana baada ya filamu hatukuzungumza juu yake. Tulizungumza juu ya tulipokuwa. Mama yangu alikuwa ndani ya basi karibu na Muthurwa, na mpaka leo hapendi mlio wa dirisha linalotikisika.

Mbona hamwonyeshi Out of Africa? Si ilitengenezwa hapa hapa?

Ilitengenezwa hapa, ikatoka 1985, ikabeba Oscar 7, na vilima vya Ngong havijawahi kupendeza vile. Lakini itazame ukiwa umezima sauti. Nchi imejaa kioo kizima, na wenye nchi wamesimama pembeni wamebeba kitu.

Mimi nina kipimo kimoja: ndani ya filamu, nani anajua njia? Katika filamu ya nyumbani, mtu aliye mbele ya kamera anajua kichochoro hiki kinatokea wapi, shamba lile ni la nani na kwa nini halilimwi, na mvua ikinyesha mto upi hauvukiki. Katika filamu ya mgeni, lazima mtu amweleze mwenzake, na anayeelezwa ndiye staa.

Wakati mwingine hata nchi yenyewe si yetu. The Ghost and the Darkness ya 1996 ni hadithi ya simba wala watu wa Tsavo, waliotesa wajenzi wa reli mwaka wa 1898, lakini sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini. Tsavo iliigizwa na nchi nyingine, na sijui kama ililipwa.

Sina ubaguzi wa pasipoti, lakini. Nowhere in Africa ni ya Wajerumani, ilishinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka wa 2003, na bado kwangu inapita, kwa sababu ya Sidede Onyulo, Mkenya aliyeigiza mpishi Owuor. Anayejua njia mle ndani ni Owuor. Wale wengine wanajifunza kutembea. Watu Wote ya Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa filamu Hamburg, nayo inapita. Ni filamu fupi juu ya basi la Mandera la Desemba 2015, Waislamu walipokataa kutengwa na abiria Wakristo mbele ya bunduki za Al-Shabaab, na iliteuliwa kuwania Oscar mwaka wa 2018. Siku ile paa lilinyamaza mpaka tukasikia jenereta ya baa ya mtaa wa pili.

Nataka kuiona nchi: jangwa, milima, bahari. Nitazame ipi?

Swali nilipendalo kuliko yote, basi vumilia.

Ukitaka Turkana, tazama Nawi ya 2024. Hadithi iliandikwa na Milcah Cherotich, na waongozaji ni wanne, wawili Wakenya na ndugu wawili Wajerumani. Msichana mwenye akili ya darasani amefaulu mtihani na anataka kwenda sekondari. Baba yake naye ameshaanza kuhesabu mifugo ya mahari. Michelle Lemuya Ikeny ndiye Nawi, na uso wake unastahimili lile jua bila kukunjamana. Jirani yetu mmoja, nesi aliyefanya kazi Lodwar, alitazama dakika tano za mwanzo akasema, "Vumbi hilo nimelila miaka miwili." Tulimwuliza kama filamu imesema kweli. Akajibu kuwa upepo wamepatia, lakini harufu ya mbuzi haimo. Hatuna la kufanya juu ya harufu.

Ukitaka Meru, kuna Veve ya Simon Mukali, 2014. Veve ni miraa. Mambo yanazunguka mji wa Maua, chini ya milima ya Nyambene, kati ya mbunge mwenye tamaa, wakulima wanaopunjwa na kijana aliyekuja kulipiza kisasi. Kuna kijani kibichi ambacho mtu wa Nairobi hukiona tu kikiwa kimefungwa kwa jani la mgomba. Mwaka huo huo wa 2014, mwezi wa Juni, Uingereza ilipiga miraa marufuku, na bei ikaanguka kule kule Maua. Ukiitazama ukijua hivyo, kila gunia lililomo lina uzito mwingine.

Pwani ina kadhaa. Subira ya 2018, ya Ravneet Chadha, ni ya msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, huku desturi ikimwambia bahari ni ya wavulana. Brenda Wairimu ndiye Subira akiwa mkubwa. Ukiwa umekaa Umoja, mahali ambapo maji hufika kwa zamu, kuona bahari yote ile na mtu anakatazwa kuigusa kunachoma. Na The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, 2019, ni filamu ya makala iliyopigwa Kilifi: kijana anarudi kutoka mjini kwa sababu bibi yake ametuhumiwa uchawi kwa barua, na waliotuhumu ni wa damu yake. Minazi ipo, mihogo ipo, nyimbo za kanisa zipo. Ukichimba chini ya uchawi, unakuta shamba. Yule bibi ana zaidi ya miaka 90 na bado anashika jembe, na kuna pahali anainuka kutoka kupalilia, anashika kiuno, anatazama mbali. Hakuna maneno hapo. Nimeirudisha nyuma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Ukambani kuna Thank You for the Rain ya 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway akaanza kujirekodi mwenyewe: shamba, watoto, ukame, mafuriko, mikutano chini ya mti. Baadaye anafika mpaka Paris, kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Sehemu za Paris zinanichosha, nasema ukweli. Sehemu za Mutomo, ambapo mtu anaangalia wingu kama anavyoangalia mdeni wake, zinatosha.

Laikipia wamepewa The Battle for Laikipia ya 2024, ya Peter Murimi na Daphne Matziaraki, juu ya wafugaji na wenye ranchi wanaogombea nyasi zile zile mvua inapokosekana. Umasaini nenda kwa mwenye mji, Saikati ya Anne Mungai, 1992: msichana anayekimbia ndoa ya kupangiwa, anakuja Nairobi, na anagundua kuwa Nairobi nayo ina mipango yake. Picha ni za zamani na sauti inakwaruza, lakini Mungai anaipiga picha Mara kama mahali ambapo mtu anafua nguo.

Shimoni ya Angela Wanjiku Wamai, 2022, msidanganyike na jina. Si Shimoni ya Kwale yenye mapango. Ni ya mwalimu aliyetoka jela na kupelekwa parokia ya kijijini kukamua ng'ombe, na kijiji chenyewe kina yule mtu ambaye hakutaka kumwona tena. Ilipata nafasi ya tatu, Yennenga ya shaba, kwenye tamasha la filamu la FESPACO, Burkina Faso, 2023. Ni nzuri sana na ni nzito sana. Usiitazame peke yako usiku.

Na nyika isiyo na jina? Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016. Mwanamke anajikuta amesimama katikati ya nyika kavu, hajui amefikaje, anaelekea kwenye nyumba za wageni, na huko anaambiwa kwa upole kuwa yeye ni marehemu. Ni saa moja na robo hivi. Ile nchi ya nyasi za rangi ya simba, ambayo watalii huilipia, hapa ni chumba cha kungojea. Baada ya kuiona sijawahi kupita Athi River nikielekea Machakos nikaitazama kama zamani.

Mmeona mtindo wake. Karibu kila moja, nchi ni kitu ambacho watu wanakigombea: nani arithi, nani aozwe, nani achunge wapi, nani aingie majini. Mtu wa hapa haoni kilima bila kuuliza ni cha nani.

Kiswahili chao mbona hakijanyooka?

Kwa sababu chetu hakijanyooka. Mwas anasema Kikuyu na mama yake, Kiswahili na mgeni, Sheng' na genge, na Kiingereza anapokwenda kuomba kuigiza. Hiyo ni siku ya kawaida ya mtu wa Nairobi kabla ya saa sita. Mwandishi angempa Kiswahili cha taarifa ya habari, tungejua mara moja ametoka ofisini.

Sheng' nayo huchacha haraka. Matatu, wa umri wangu bado tunaiita mathree, watoto wanaiita nganya, na wanaocheka Sheng' ya Nairobi Half Life wajiandae, wadogo zao wanakuja. Mwenye hamu ya Kiswahili cha mwambao avuke mpaka, atafute Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ni Unguja ya wakati wa mkoloni, na lugha yake inateleza kama samli. Siyo ya Kenya, lakini kanuni za paa ni zangu.

Ipi niwaonyeshe watoto?

Supa Modo. Likarion Wainaina, 2018. Jo ana miaka tisa, ni mgonjwa wa kutopona, na anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anaanza uongo mdogo kuwa Jo naye ana nguvu hizo, na kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo, pamoja na jamaa anayeonyesha watu video. Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, ana macho ambayo hayakuombi huruma, na hapo ndipo unaisha.

Leteni leso. Niliwahi kutangaza kuwa ni ya watoto, nikasahau kuwa wazazi wao watakuwepo. Watoto waliuliza maswali mawili matatu wakaendelea na njugu. Baba mmoja, dereva wa lori na mwili wake huo, alishuka chini "kuangalia geti" na hakurudi mpaka majina yalipoanza kupanda.

Kwa jumla tazameni alama ya bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB: GE ni ya wote, PG mtoto awe na mzazi, kisha 16 na 18. Sisi tunazifuata, isipokuwa watoto wenyewe hujificha nyuma ya tangi.

Filamu ya kwanza ya Kenya ni ipi?

Wengi hutaja Kolormask ya Sao Gamba, 1986, juu ya ndoa ya Mkenya na Mwingereza. Saikati ikafuata 1992, na Dangerous Affair ya Judy Kibinge mwaka wa 2002 ikaonyesha Nairobi ya watu wa ofisini na karamu za Ijumaa. Ukipenda historia, anza na hizo tatu.

Naziona wapi bila kuja kwenu?

Kwenye mitandao ya kulipia huja na kutoweka, kwa hiyo ukiiona leo usiseme utaitazama Pasaka. Alliance Française na Goethe-Institut pale mjini huonyesha filamu za hapa mara kwa mara, mara nyingi na mwongozaji mwenyewe amekaa mbele. Tamasha likija, nenda. Ndiko utakutana na zile ambazo hazifiki kwingine.

Nairobi ilikuwa na majumba ya sinema mpaka yakawa majina ya stage. Watu wanashuka Odeon kila asubuhi bila kujua kulikuwa na skrini. Thika Road kuna Drive-In, Mombasa Road kuna Bellevue, na zote mbili zilikuwa viwanja ambapo unaegesha gari na kutazama filamu ukiwa ndani yake. Makanga anayeita "Drive-In, Drive-In!" leo, ukimwuliza ni nini, atakuambia ni stage.

Kuhusu nakala za mtaani: duka moja, silitaji, liliniuzia filamu ya Kenya kwa shilingi hamsini, nikakuta imerekodiwa ndani ya ukumbi na kichwa cha mtu mwenye kofia kimekaa kwenye kona mwanzo mpaka mwisho. Nilimfahamu yule mtu kuliko mhusika mkuu. Tangu hapo tunawaandikia wenye filamu, tunaomba ruhusa, na wengi hujibu vizuri kuliko mnavyodhani. Kuonyesha filamu hadharani kunahitaji pia leseni chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya, kwa hiyo msifungue paa la kwenu kiholela.

Na Rafiki? Mnaiogopa?

Filamu ya Wanuri Kahiu ya 2018, mapenzi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi. Ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes, na hapa nyumbani KFCB ikaipiga marufuku. Septemba mwaka huo mahakama iliiruhusu siku saba. Watu walipanga foleni Ngong Road kama wanaotafuta pasipoti, wengine kwa sababu ya mapenzi, wengine kwa sababu ya sheria, na wengine kwa sababu ukimwambia Mnairobi kitu kina siku saba atakwenda hata kama ni mhadhara. Sisi hatuonyeshi kilichopigwa marufuku. Tunaweza kuizungumza, na huwa tunaizungumza mpaka mwenye ploti anazima taa ya ngazi.

Kuna filamu ya Kenya imeshinda Oscar?

Hapana, na hakuna iliyofika kwenye tano za mwisho za filamu za kimataifa. Tumepeleka: Nairobi Half Life ndiyo ilifungua njia mwaka wa 2012, kisha Kati Kati, Supa Modo, Subira, The Letter, Mvera ya Daudi Anguka kutoka Pwani, na Nawi. Sharti la shindano hilo ni kwamba zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Yaani ile lugha ambayo watu hulalamika haijanyooka ndiyo tiketi.

Lupita Nyong'o alishinda mwaka wa 2014, lakini kwa kuigiza katika filamu ya kutoka nje. Yake ya nyumbani ni In My Genes ya 2009, ya makala, juu ya Wakenya wenye ualbino. Tuliionyesha mwaka jana. Wachache walijua ipo.

Na zile za Riverwood, za Kikuyu za kuchekesha?

Hizo ni za River Road, ndiko jina lilikotoka: zinatengenezwa haraka, kwa pesa kidogo, zinauzwa haraka. Wasomi huzibeza, na kuna ambazo hata mimi nimeshindwa kufika dakika ya ishirini. Lakini ndizo zilizothubutu kuuza Mkenya kwa Mkenya bila kungoja mfadhili wa Ulaya. Shosho wangu, bibi yangu wa Murang'a, hajawahi kusikia habari za matamasha ya Toronto wala Berlin, na akicheka ile ya mlevi na mchungaji anashikilia mlango.

Shosho hawezi kusoma maandishi ya chini. Mnasaidiaje?

Tunamkalisha mbele, na jirani wa namba saba anamtafsiria sikioni. Mwanzo wengine walilalamika kelele. Sasa wanasogeza viti karibu naye, kwa sababu tafsiri yake huwa na mambo ambayo mwongozaji hakuyaweka.

Mnalipisha?

Hapana. Kuna kopo kwa ajili ya tokeni za stima na kukodi viti. Usiku mmoja tokeni ziliisha mhusika akiwa ameshika kitasa cha mlango, na tangu hapo kopo hujaa kabla hatujaanza. Mutura na chai kila mtu ajinunulie chini.

Mvua ikinyesha?

Tunashusha shuka, tunahamia korido ya ghorofa ya pili, na watu ishirini tu wanaingia. Njoo mapema.